Haki ya Kumaliza Sentensi

Kila mwaka, kabla ya siku zenyewe za Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza shule, wanafunzi wanaomaliza sekondari mjini Lubumbashi hupitia kwanza ile sehemu iitwayo hors-session, na ndani yake umo mtihani wa mdomo wa Kifaransa. Mwanafunzi hukaa mbele ya mtahini, huulizwa, hujibu, huondoka, na mwingine huingia. Mtihani umekusudiwa kupima Kifaransa. Ila kwa mwenye kigugumizi unapima na jambo jingine ambalo halimo katika programu yoyote ya masomo, nalo ni kasi ya ulimi. Huenda sarufi anaijua kuliko wenzake wote na jibu analo kichwani limekamilika, lakini sauti ya kwanza imekwama kooni, na kadiri anavyoisukuma ndivyo inavyozidi kukaza. Mtahini mwenye foleni mlangoni ana njia mbili: angoje, au aandike alama na kumwita mwingine. Mwanafunzi hakukosa elimu wala akili. Alichokosa ni dakika moja au mbili.

Ukiuliza kama mwanafunzi huyo ana ulemavu, wengi wa komine za Katuba, Kamalondo au Ruashi watakutazama kwa mshangao. Jiji hili lilizaliwa 1910 kwa ajili ya shaba, na kwa vizazi vingi mwili wa mtu umehesabiwa kwa kazi unayoweza kuifanya mgodini na kiwandani. Ulemavu, kwa hesabu hiyo, ni mkono uliokatwa na mashine, mguu uliopooza kwa polio, macho yasiyoona: kitu kinachoonekana na kinachozuia kazi. Mwenye kigugumizi ana mikono yake miwili, anabeba, anajenga, anasukuma mkokoteni. Basi huitwa mtu wa haya, au mtu wa kuchekesha, na habari yake huishia hapo. Nadhani hesabu hiyo imepitwa na wakati. Lubumbashi ya leo inakula kwa mdomo sawasawa na inavyokula kwa mikono: mahojiano ya kazi, simu, ofisi za komine, bei za sokoni, utangulizi wa kujitambulisha kila mahali. Katika jiji la namna hiyo kigugumizi huwa ulemavu kila mahali ambapo mtu hupimwa kwa kasi ya kusema, na hupungua sana, pengine hutoweka, pale anapopewa muda. Muda ndio anaoudai, na sheria za Kongo, zikisomwa vizuri, tayari zinampa njia ya kuudai.

Kwanza tuseme kigugumizi ni nini, maana kimezungukwa na mengi ya uongo. Kina sura tatu: kurudia sauti au silabi, kuivuta sauti moja kwa muda, na kukwama kabisa, mdomo uko tayari lakini sauti haitoki. Mara nyingi huanza kati ya miaka miwili na mitano, wakati mtoto anapoanza kuunga maneno kuwa sentensi. Watoto wapatao 5 kati ya 100 hupita humo, na wengi wao hutoka bila dawa. Wanaobaki nacho ukubwani ni kama mtu 1 kati ya 100, na wanaume ni mara tatu au nne ya wanawake. Tukilihesabu jiji kwa watu milioni mbili tu, asilimia moja ni watu 20,000. Uwanja wa TP Mazembe pale Kamalondo, unaochukua watu 18,000 hivi, hauwatoshi. Hata hivyo ni watu wasioonekana, kwa sababu kila mmoja amejifunza kunyamaza kwa namna yake.

Kuhusu chanzo, maelezo ya mitaani hayana idadi: mtoto alimuiga mjomba, alishtuliwa usiku, mama aliogopa akiwa na mimba, kuna mtu alimfunga ulimi. Maelezo ya maabara ni machache zaidi na yana ushahidi. Kigugumizi hufuata koo. Mwaka 2010 watafiti wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, wakiongozwa na Dennis Drayna, walitangaza jeni za kwanza zinazohusishwa nacho. Mwaka 2015 jeni nyingine ilipatikana kwa kuchunguza ukoo mmoja mkubwa wa Kameruni ambamo kigugumizi kimeshuka kutoka kizazi hadi kizazi. Jeni hizo hazielezi visa vyote, wala hazikaribii, lakini zinatosha kuonyesha kwamba hatuzungumzii tabia mbaya. Picha za ubongo nazo zinaonyesha tofauti katika njia zinazounganisha sehemu za kusikia na za kuendesha kinywa, hasa upande wa kushoto. Hofu haikizai kigugumizi, ingawa hukizidisha. Wala wingi wa lugha haukileti, jambo linalofaa kusemwa kwa sauti katika jiji ambalo mtoto huongea Kiswahili uani, Kifaransa darasani, na Kibemba au Kiluba kwa bibi yake. Wazazi wanaomkataza mtoto lugha ya nyumbani ili apone wanamnyang'anya lugha bure, na kigugumizi kinabaki pale pale.

Maelezo ya mitaani yasingekuwa na neno kama yangeishia kwenye mazungumzo. Tatizo ni kwamba yana makali. Katika ripoti yake ya 2010 kuhusu watoto wanaotuhumiwa uchawi barani Afrika, UNICEF iliwataja watoto walio katika hatari zaidi ya kunyooshewa kidole: wenye kifafa, wenye kasoro ya mwili, wenye maradhi ya akili, na hata wenye kigugumizi. Kongo ni mojawapo ya nchi ambamo tuhuma hizo zimewatupa watoto barabarani. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, imepiga marufuku kumtuhumu mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 imeweka adhabu ya kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu kwa anayefanya hivyo. Nayataja haya kwa sababu yanamjibu mtu anayesema kigugumizi ni jambo dogo lisilohitaji sheria. Sheria imeshalazimika kuingia, na imeingia kwenye mwisho mbaya kabisa wa njia, pale mtoto anapokuwa ameshafukuzwa nyumbani. Ningependa iingie mapema zaidi, darasani, mambo yakiwa bado madogo kweli.

Mlango wa kuingilia upo. Mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, uliopitishwa 2006. Mkataba huo hauorodheshi magonjwa. Unasema, kwa ufupi, kwamba wenye ulemavu ni pamoja na watu wenye upungufu wa muda mrefu, wa mwili, wa akili au wa hisi, ambao ukikutana na vizuizi vya aina mbalimbali unaweza kuwazuia kushiriki katika jamii sawa na wenzao. Ulemavu kwa maana hiyo haukai ndani ya mtu peke yake, wala nje yake peke yake. Huzaliwa pale viwili hivyo vinapogongana. Tena mkataba unasema kwamba kumnyima mtu marekebisho yanayofaa, yasiyomlemea mwenye kuyatoa, ni ubaguzi. Nyumbani, kifungu cha 49 cha Katiba kinawapa watu wenye ulemavu haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yao ya mwili, ya akili na ya kimaadili, na sheria namba 22/003 ya tarehe 3 Mei 2022 ikaja kuzifafanua haki hizo. Sasa uweke mtihani wa mdomo juu ya mizani hiyo. Upungufu upo, na ni wa muda mrefu. Kizuizi kipo: saa ya mtahini. Matokeo yapo: alama iliyopotea, pengine na diploma. Sioni ni sharti gani lililobaki.

Hoja ya kwanza dhidi yangu ni ya watu makini, nao husema: mbona huyo huyo anaimba kwaya Jumapili bila kukwama hata mara moja? Mbona akiwa peke yake, au akisoma kwa sauti pamoja na darasa zima, maneno yanatiririka? Ni kweli, na ni mojawapo ya mambo ya ajabu ya hali hii. Kuimba, kunong'ona, kusema kwa pamoja na wengine, kusema na mtoto mchanga au na mbwa, yote hayo hulegeza kigugumizi kwa watu wengi. Lakini hiyo si dalili ya kujifanya. Wimbo una mapigo yake tayari, maneno yake yanajulikana, na hakuna anayengojea jibu. Mazungumzo yanadai mtu atunge, apange na atamke papo hapo mbele ya uso unaomkodolea macho, na hapo ndipo mtambo unapokwama. Mwenye kifafa naye haanguki kila saa, na hakuna anayesema kwamba saa zake za kusimama zinathibitisha uongo wa zile za kuanguka.

Tena, kutokukwama kwingine ni kazi ya kuficha. Wengi wenye kigugumizi hupita wiki nzima bila mtu kugundua, kwa kuwa huona neno gumu linakuja na kulikwepa kabla halijafika. Dukani mtu huomba asichokitaka kwa sababu jina lake linatamkika. Kwenye kilio huketi nyuma ili asiombwe neno. Akipigiwa simu huacha iite, kisha hujibu kwa ujumbe. Kuna neno moja tu lisilokwepeka, nalo ni jina lake mwenyewe, maana halina badala. Na ndilo linalowakwamisha wengi kuliko yote. Fikiria basi mtu anayeulizwa jina na polisi wa barabarani, au na karani wa komine, naye anasita kwenye jina lake. Huonekana mwongo. Mbele ya karani, ujuzi wa mtu na elimu yake bado havijaulizwa. Ameulizwa jambo ambalo mtoto wa miaka mitatu analijua, na amekwama hapo hapo.

Hoja ya pili ni ya mifano mikubwa. Mfalme George wa Sita wa Uingereza alikuwa na kigugumizi na aliliongoza taifa lake wakati wa vita. Joe Biden alikuwa nacho tangu utotoni akafika hadi urais wa Marekani. Kwa hiyo, wanasema, mtu akijitahidi anashinda. Naheshimu jitihada za hao wawili, lakini mfano wa mfalme unathibitisha kinyume cha unavyotumiwa. Alikuwa na mwalimu wake binafsi, Lionel Logue, kwa miaka mingi, na hotuba zake zilipangwa kumfuata yeye. Taifa zima lilimngoja. Mfalme alipewa kile ninachomtakia mwanafunzi wa Kampemba, naye alipewa bila kukiomba. Na wale walioshinda kwa juhudi peke yao tunawajua kwa sababu walishinda. Walioacha shule kimya kimya hakuna aliyewahesabu.

Nchi zilizotangulia kuandika sheria za aina hii ziliona mtego huo wa kuwapima wote kwa walioshinda. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 huuliza kama athari kwa maisha ya kila siku ni kubwa na ya muda mrefu, na inapoipima huiweka kando nafuu iliyoletwa na tiba. Ya Marekani, baada ya kurekebishwa 2008, inakutaja kusema kuwa mojawapo ya shughuli kuu za maisha. Hakuna hata moja iliyotangaza kwamba kila mwenye kigugumizi ni mlemavu. Zilichofanya ni kuuliza mtu huyu, mahali hapa, anazuiwa na nini. Huo ni ustadi ambao majaji na wakaguzi wetu wanaweza kuutumia bila kungoja sheria mpya.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, na hutoka kwa wenye kigugumizi wenyewe: usinibandike jina. Mtu aliyetumia miaka ishirini kuwaonyesha watu kwamba hana kasoro hafurahi kuambiwa kwamba sasa anayo kisheria. Hofu hiyo ina historia. Mwaka 1939, huko Iowa, Marekani, mwanafunzi Mary Tudor, chini ya profesa Wendell Johnson, aliwachukua mayatima 22 kwa jaribio la kusikitisha. Baadhi yao walikuwa wakisema vizuri kabisa, akawaambia kwamba wana kigugumizi na kwamba wajikaze wasikionyeshe. Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, aliamini kwamba kigugumizi huzaliwa na masikio ya wazazi wanaokihofu. Nadharia hiyo haikusimama. Watoto hawakugeuka kuwa wenye kigugumizi hasa, lakini walinyamaza, wakawa na woga wa kusema, na wengine waliubeba woga huo hadi uzeeni. Chuo kikuu cha huko kiliomba radhi 2001, na 2007 jimbo la Iowa likakubali kulipa dola 925,000. Aliyesoma habari hiyo haraka atasema: mnaona, jina huua. Mimi nasoma vingine. Watoto wale waliambiwa kwamba kusema kwao ni kubaya na ni juu yao kukurekebisha. Hakuna aliyewaambia kwamba watangojwa. Kutambuliwa kisheria ninakokutaka kunamwelekea mtahini, mwajiri na karani, na kunawadai wao wabadilike. Mwenye kigugumizi asiyetaka kujiita mlemavu asijiite; haki iliyo mfukoni hailazimu kutolewa kila siku.

Watakuja na wale wa mwisho, wenye kusema kwamba nchi haijaweza hata kumpa kiti mwenye polio wala vitabu vya nukta nundu asiyeona, itamudu vipi kumhudumia anayesitasita? Uchungu wao naukubali, hesabu yao siikubali. Msaada huu wa kuongezewa muda hauna bajeti ya kugombaniwa. Hauchukui hata faranga moja kutoka kwenye fungu la kiti. Na kuhusu wadanganyifu, mtu atakayejifanya ana kigugumizi ili aongezewe dakika mbili katika mtihani wa mdomo atakuwa amepata dakika mbili za kutojua Kifaransa. Maelekezo ya wizara kwa watahini yangejaa katika mistari mitatu: mwanafunzi atangulize taarifa kupitia shule yake, aongezewe muda, na alama ya ufasaha ihesabu lugha na si mikwamo. Mtihani mwenyewe usifutwe, maana kumwondolea mtu mtihani ni njia ya adabu ya kumfukuza.

Nasisitiza hilo kwa sababu huruma yetu mara nyingi ina haraka. Jirani anayekumalizia sentensi anadhani amekusaidia. Amekunyang'anya zamu, na mara nyingi amemaliza kwa neno ambalo hukulikusudia. Lakini kuazimwa mdomo kwa hiari ni jambo jingine, na mila zetu zinalijua vizuri. Siku ya mahari baba wa binti hajadili bei mwenyewe. Kila upande una msemaji wake, na hakuna anayedhani kwamba baba aliyekaa kimya hana la kusema. Ukimya wake ni sehemu ya heshima yake. Waumini nao wanaikumbuka habari ya Musa, aliyelalamika kwamba hana ulimi wa kusemea, akapewa Haruni awe msemaji wake. Wataalamu wanabishana kama kweli ilikuwa kigugumizi, nami siwezi kuwaamulia. Ninachokiona ni kwamba katika habari ile ulimi haukuponywa kwanza ndipo kazi ikatolewa. Kazi ilitolewa, na utaratibu ukapangwa kumfuata mtu. Makanisa ya Lubumbashi yanayomwombea kijana ulimi ufunguke yangeweza pia, Jumapili hiyo hiyo, kumpa kipaza sauti na kumngoja.

Tiba je? Ipo, na haina miujiza. Hakuna kidonge cha kuponya kigugumizi. Kwa watoto wadogo kuna mazoezi yanayofanywa na wazazi chini ya uongozi wa mtaalamu, na yana matokeo mazuri yakianza mapema. Kwa watu wazima kazi kubwa ni kupunguza kung'ang'ana na kuondoa woga, zaidi ya kufuta kukwama kwenyewe. Chuo Kikuu cha Makerere, nchini Uganda, kilianza 2008 kufundisha wataalamu wa usemi na lugha. Kwetu wataalamu wa logopedi ni wachache mno kwa nchi kubwa hivi, na mtoto wa Ruashi hawezi kuwekewa matumaini kwa mtu ambaye hatamwona. Aliye naye kila siku ni mwalimu. Naye mwalimu, kwa nia njema, humwambia "tulia, vuta pumzi, anza tena", maneno yanayomwongezea mtoto kazi ya pili juu ya ile iliyomshinda. Humwita kwa kufuata orodha ya majina, na mtoto huanza kuhesabu waliobaki kabla yake, moyo ukipanda kwa kila jina. Ingetosha kumtazama usoni na kungoja, kumwita mapema kabla hofu haijakomaa, kuanza kusoma kwa pamoja kabla ya kusoma mmoja mmoja, na kumnyamazisha anayecheka bila kugeuza kicheko hicho kuwa somo la dakika kumi. Institut Supérieur Pédagogique ya Lubumbashi inawafundisha walimu wa sekondari kila mwaka. Saa mbili juu ya kigugumizi, ndani ya programu iliyopo, zingeingia kabla ya mwaka ujao wa masomo.